Ni Lako, na Vilivyomo

Gari lilikuwa na siku tisa tu tangu litoke dukani lilipoanza kushikilia kwamba kuna mtu nyuma ambaye hajafunga mkanda.

Ting. Ting. Ting.

Zahran bin Shamis aliinamia dashibodi. Palikuwa na picha ndogo ya viti vitano, vimepangwa kama magego. Kiti chenye mtu aliyefunga mkanda huwaka kijani. Chenye mtu mkaidi huwaka chekundu. Kitupu hakiwaki. Cha Zahran kilikuwa kijani. Cha nyuma kulia, alipokuwa amejikunja binti yake Mazuna wa miaka sita, kijani. Na cha nyuma katikati, chekundu.

"Mazuna, umeweka begi hapo katikati?"

"Begi liko chini, Baba."

"Basi umeweka mguu."

"Miguu yangu yote ninayo huku."

Alisimamisha gari kando ya barabara ya changarawe, akageuka, akapapasa kile kiti. Hakikuwa na kitu. Kilikuwa cha baridi tu, baridi ya mtungi uliolala kivulini, ilhali nje jua la saa saba lilikuwa linakaanga mawe. Akafanya lile ambalo kila mwanamume hulifanya chombo kikimshinda: akapiga dashibodi kofi. Ting. Ting. Mwishowe akavuta mkanda wa katikati, akaufunga juu ya kiti kitupu. Taa ikageuka kijani, kelele ikakoma.

"Unaona?" akamwambia binti yake. "Chombo hakimshindi mwenyewe."

Akaondoka akipiga mluzi. Laiti angetazama nyuma mara moja zaidi, angeuona ule mkanda. Haukulala juu ya kiti kama mkanda usiomshika mtu. Ulikuwa umejitokeza mbele kwa upinde, kama uliozunguka tumbo la mtu mzima aliyeshiba.

Mtu huyo alipandaje? Hapo lazima turudi nyuma kidogo, na tuanze na gari lenyewe, kwa kuwa Zahran naye alianza na gari kila alipofungua mdomo siku zile.

Lilikuwa gari fupi la pembepembe, kama sanduku la bibi harusi lililotiwa magurudumu, rangi ya jani la mzeituni, macho ya mbele mviringo, gurudumu la akiba limebandikwa mgongoni. Magurudumu yote manne yalivuta. Kulikuwa na kitufe cha mchanga, cha matope, cha mawe, na kimoja cha kuteremkia mlima ambacho ukikibonyeza gari hujishika lenyewe, nawe unabaki na kazi ya kusali tu. Paa lilikuwa la kioo. Kamera zilikuwa nne, na skrini ilizishona zikawa picha moja, ukaliona gari lako kutoka juu kama mwewe anavyomwona kifaranga. Zahran alikuwa mpimaji wa maji ya mafalaji, ile mifereji ya kale inayonywesha mitende yote ya mji wa Ibra na vijiji vyake, na kwa miaka kumi na mbili alikuwa amepanda mabonde kwa pikapu ya ofisi iliyokohoa kuliko babu yake. Hili lilikuwa lake. Alilipangusa kwa kilemba chake mwenyewe.

Watu wakaja kulitazama. Na watu wa Ibra wana adabu. Mtu akikisifu kitu chako, unampa.

"Mashallah, gari zuri hili."

"Ni lako."

"Libarikiwe kwako."

Maneno haya huandamana kama tende na kokwa yake. Wa kwanza anatoa, wa pili anarudisha, na gari halisogei hata shubiri. Lakini Zahran alikuwa bingwa wa ukarimu, mtu ambaye angemwambia mwizi asijikwae kizingitini. Kusema "ni lako" tu aliona ni ubahili. Yeye alisema, "Ni lako, na vilivyomo."

"Siku moja utampa mtu na meno yako," mkewe Ghalia alimwambia.

"Akiyasifu, nitafanyaje?"

Jioni ya siku ya saba akaja binamu yake Sulayyim. Akala tende, akamiminiwa kahawa, na badala ya kuinywa akakiweka kikombe chini kwenye mkeka, akakitazama kwa huzuni kama kaburi la mpenzi. Kwa watu hawa hilo ni tamko rasmi. Mgeni anayeweka kahawa chini ana haja, na hatainywa mpaka mwenyeji akubali.

"Kunywa kahawa yako, binamu."

"Sinywi."

"Kunywa, inapoa."

"Ikipoa ipoe. Sinywi."

"Haya, kunywa. Haja yako imekwisha."

Sulayyim akaigugumia mara moja. "Nilitaka kuliendesha mpaka sokoni tu."

Ghalia alicheka hadi akashika ukuta. Mwenyeji akishasema haja imekwisha, imekwisha. Sulayyim alilirudisha kesho yake adhuhuri, lina manyoya ya mbuzi kwenye kapeti.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi, shule imefungwa. Ghalia alikwenda kumwangalia mama yake. Zahran akamchukua Mazuna, wakaenda kupima chemchemi ya Wadi Mirwa, bonde jembamba lisilokaliwa na mtu, saa mbili kutoka mjini. Saa sita kamili alirudi kutoka kwenye chemchemi. Alikuwa ameliacha gari likiunguruma ili mtoto alale kwenye baridi. Chini ya mti wa mghafu, hatua chache kutoka pale, alikuwa ameketi mzee mwenye kanzu nyeupe pe, isiyo na doa la vumbi.

Zahran alipaswa kujiuliza. Bonde lile hata mbuzi hutoka na vumbi. Lakini mzee alisema, "Hiki kioo cha juu, mwanangu, cha kuonea nini?" na ukimuuliza mwenye gari jipya swali kuhusu gari lake, akili yake yote inakwenda likizo.

"Cha kuonea nyota, Ami!" Akamwonyesha kioo. Akamwonyesha vitufe vya mchanga na mawe. Akamwonyesha kamera, na vile vihisi vinavyolia kitu chochote kikikaribia bodi, hata paka. Mzee alikuwa ameegemea boneti kwa viwiko vyote viwili. Vihisi havikulia.

"Mashallah," mzee akasema. "Gari zuri."

"Ni lako, Ami, na vilivyomo."

Mzee aliinama kwenye dirisha la nyuma, akatazama ndani, pale Mazuna alipolala na mdomo wazi, akatazama muda mrefu, kama mtu anayesoma karatasi kabla ya kutia sahihi.

"Nimekubali," akasema.

Zahran akacheka. Wazee wa mabondeni na mizaha yao! Akageuka kuweka vipimo vyake kwenye buti, akafunga, akarudi kumuaga. Chini ya mghafu hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na alama ya makalio mchangani.

*

"Gari linanuka mvua," Ghalia alisema jioni ile, akichukua mifuko.

"Linanuka upya."

"Upya naujua. Hii ni mvua. Harufu ya jiwe kavu likipata tone la kwanza." Alisimama mlangoni mwa gari, pua juu. Ibra haikuwa imeona mvua kwa miezi saba.

Mazuna hakula wali. Aliketi mbele ya sinia, mikono magotini, adabu tupu.

"Kula, mama."

"Nimeshakula kwa Ami."

"Ami yupi? Sulayyim?"

"Ami wa katikati," mtoto akasema. "Anasema nyumba yao ina vyumba vingi, na watoto wao hawana mtu wa kucheza naye."

Ghalia alimtazama mumewe. Zahran alitazama wali.

Asubuhi, siku ya pili, alimpeleka shule, kwa kuwa kwao wiki huanza Jumapili. Alimfunga mkanda mwenyewe, akausikia ukisema tak. Akazunguka, akaketi, akawasha. Kiti chake, kijani. Cha katikati, ambacho hakukigusa, kijani, na mkanda umefungwa. Cha Mazuna hakikuwaka.

"Mazuna, upo?"

"Nipo, Baba."

Alimwona kwenye kioo, nywele zimesukwa, begi mapajani. Alishuka, akamfungua, akamfunga tena. Kiti hakikuwaka. Alimwambia aruke kidogo akiwa ameketi. Akaruka. Hakikuwaka. Ndipo alipomshika kwapani kumtoa, na mikono yake ikapaa juu kuliko alivyokusudia, kama mtu anayenyanyua ndoo akidhani imejaa, kumbe tupu. Mtoto alikuwa mwepesi kama tenga.

Hakumpeleka shule. Alimpeleka kwa fundi wa pale alipolinunua gari, kijana mcheshi mwenye kompyuta. Fundi akachomeka waya, akasoma, akakuna kidevu.

"Gari zima, mzee wangu. Viti vyote vinasoma."

"Mbona mtoto hasomi?"

Fundi akaketi mwenyewe pale kulia. Taa ikawaka. Akatoka, akampandisha Mazuna. Taa ikazima.

"Mnamlisha huyu?" akatania, akiingiza mkono kukagua kiti cha katikati. Utani ukamkauka mdomoni. Aliutoa mkono polepole, akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena, akachomoa waya wake na kumkabidhi Zahran ufunguo bila kumtazama usoni.

"Leo tunafunga mapema," akasema. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

*

Mwalimu Harib alikuwa amefanya kazi forodhani miaka thelathini kabla ya kustaafu na kuanza kutibu watu wenye majini, na hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Alasiri ile alifika uani kwa Zahran na chetezo, msahafu na miwani miwili. Aliwaweka Ghalia na mtoto barazani. Akalizunguka gari mara tatu akisoma, moshi wa ubani ukiambaa kwenye vioo. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akavaa miwani ya pili, akakisemesha kile kiti kwa sauti ya mtu anayemwambia abiria afungue sanduku.

"Nani wewe, na umeingia hapa kwa idhini ya nani?"

Gari lilikuwa limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Zahran. Skrini ikawaka yenyewe. Spika zote zikakwaruza kwanza, kama changarawe inayosogezwa na maji, halafu ikaja sauti ya taratibu, yenye heshima zote.

"Nimepewa."

Mwalimu Harib alifunga msahafu wake, akaubusu, akavua miwani. Alikuja barazani, akaketi.

"Nani aliyempa?"

Zahran alikuwa anaikunja kofia yake kama anaikamua maji.

"Baba Mazuna," Ghalia akasema. "Nani aliyempa?"

"Alilisifu," Zahran akanong'ona. "Kule Wadi Mirwa. Nikamwambia... kama tunavyosema sote. Nikamwambia ni lako."

"Ni lako tu?"

Mkewe hakupiga kelele, na Zahran angetoa gari kumi ili apige.

"Na vilivyomo," Ghalia akasema, polepole.

"Ndiyo."

"Na mwanangu alikuwemo."

Mazuna alikuwa amelala kwenye mapaja ya mama yake. Sketi ya Ghalia haikubonyea hata kidogo chini ya kichwa chake.

"Jini mwizi namtimua," Mwalimu Harib akasema. "Jini mvamizi namchapa mpaka aseme jina la bibi yake. Huyu hakuiba, hakuvamia. Nilikaa forodhani, najua: mali iliyotolewa kwa hiari hunyang'anyi. Nikimsomea kwa nguvu atashtaki, na atashinda kesi. Lini hiyo?"

"Jana, saa sita."

"Basi kesho saa sita zinatimia siku tatu zao za kukabidhiana. Mtoto hatakufa, Mama Mazuna. Afadhali nikwambie kweli. Atahama."

Ghalia alimkumbatia mtoto, mikono ikazunguka na kufika karibu tena mabegani mwake, kama anajikumbatia mwenyewe. "Sema cha kufanya, Mwalimu. Kama hujui, sema hujui."

"Najua kimoja. Wale wa Mirwa ni watu wa adabu. Adabu ndiyo iliyowapa mtoto, na kwa adabu tu watamrudisha." Akamgeukia Zahran. "Nenda kwao. Siku ile ulijifanya mwenyeji kwenye bonde lao. Safari hii uwe mgeni wake wewe. Watakupa kahawa. Iweke chini."

Zahran akainua kichwa.

"Iweke chini, useme una haja. Atakwambia kunywa. Usinywe. Atakwambia tena. Usinywe. Ukinywa kabla hajasema haja yako imekwisha, utakaa nao, na mtoto atakuwa na baba huko. Nenda na aliyekuwemo siku ile, mtoto peke yake. Na la mwisho. Ukishapata, ingia garini uondoke. Usiage."

"Nisiage kabisa?"

"Neno lolote."

"Mwalimu, nimekunywa kahawa ya mtu halafu niondoke kama ng'ombe? Hata 'karibuni kwetu' nisi..."

"Baba Mazuna!" Ghalia akasema.

"Hilo," Mwalimu Harib akasema, akimnyooshea kidole, "hilo hasa ndilo usiseme."

*

Siku ya tatu waliondoka saa nne. Ghalia alimfunga mtoto mkanda, akambusu paji la uso, akalifunga dirisha, akabaki ameweka kiganja kwenye kioo mpaka gari lilipokivuta kiganja kikateleza. Zahran alikuwa amechana kipande cha kitambaa na kukiweka mfukoni, cha kuuzuia ulimi wake.

Barabara ya lami iliisha. Changarawe ikaanza. Harufu ya mvua ilijaa ndani ya gari hata vioo vikafanya ukungu, na Zahran alipofuta kioo cha kutazamia nyuma aliona mkanda wa katikati umebenuka mbele kwa raha, kama wa abiria aliyezoea njia, na mkanda wa kulia, aliokuwa ameuona ukifungwa kwa macho yake mawili, umelala bapa juu ya kiti.

"Mazuna!"

"Nipo, Baba." Sauti ilitoka mbali, mbali sana kwa gari fupi kama lile, ilikuwa kama ya mtoto anayeitikia kutoka ndani ya kisima. "Ami anasema bonyeza kile cha mawe."

Akabonyeza kile cha mawe. Angefanyaje? Bonde lilikuwa limebana, mawe makubwa kama matanki ya maji, na gari likapanda moja baada ya jingine likinung'unika chini kwa chini, na mara nne au tano Zahran akahisi kwamba usukani unageuka nusu ya kidole kabla yake, kwa upole, kama mtu mzima anayemshika mtoto mkono kumfundisha kuandika, na kila mara ulipogeuka uligeuka vizuri kuliko alivyokuwa anataka kuugeuza yeye, naye akauacha, jasho likimtiririka mgongoni katika ile baridi, akisoma aya alizozijua na kuzichanganya.

Mti wa mghafu ulikuwa palepale. Hapakuwa na mtu. Saa sita kasoro dakika kumi. Alisimamisha gari, na kwa mazoea tu mkono wake ukabonyeza kitufe cha kamera, ili aone kama amekanyaga jiwe.

Picha ya mwewe ikatokea. Gari lake dogo la kijani, katikati. Na kulizunguka, mbele na nyuma na ubavuni, magoti yakigusana, wanaume walioketi kwenye mikeka, kanzu nyeupe, vilemba vyeupe, arobaini au hamsini, safu ndani ya safu mpaka ukingoni mwa skrini, na kila mmoja wao amekiinua kichwa, anaitazama kamera. Zahran aliinua macho, akatazama nje kupitia kioo cha mbele: mawe, mchanga, kivuli cha mti. Akaitazama skrini: walikuwa wamesogea kidogo, wamemwachia nafasi ya kuketi mlangoni pake.

Alifungua mlango, akashuka pale pale walipomwachia, kwa kuwa hata katika hofu ile hakutaka kumkanyaga mtu.

"Asalaam alaykum," akaliambia bonde tupu.

Bonde halikujibu. Akaketi mchangani, akakunja miguu. Kivuli cha mghafu kilikuwa kimejikusanya chini ya shina. Alipotazama mbele ya goti lake palikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe kikombe kidogo kisicho na mkono, kinafuka moshi.

Lo, harufu ya kahawa ile! Ilikuwa na iliki, na zafarani kidogo, na kitu kingine alichokijua tangu utotoni na ambacho hakuna duka lililokuwa nacho tena. Koo lake lilikuwa limekauka kama ngozi ya ngoma. Mkono wa kulia, ule ule ulioshika vikombe vya watu maisha yake yote na haukuwahi kumkatalia mwenyeji, ukakiinua kikombe, ukakileta mpaka kidevuni, na ilibidi aushike kwa mkono wa kushoto kuushusha. Akakiweka kikombe mchangani.

Upepo ukakatika.

"Kunywa kahawa yako," mtu akasema, karibu sana na sikio lake.

"Nina haja, Ami."

"Kunywa kwanza, mwanangu. Umetoka mbali na jua kali."

"Sinywi."

Nyuma yake, ndani ya gari, Mazuna alicheka na mtu, kicheko chembamba, kikipungua, kama cha mtu anayeondoka akicheka.

"Unataka gari lako?"

"Chukua gari, Ami. Chukua na ufunguo. Namtaka aliyekuwemo."

"Ulinipa. Nilikuomba mimi?"

"Hukuniomba."

"Nilikutisha?"

"Hukunitisha. Nilikupa mimi mwenyewe, nyuma ya gari mwanangu amelala, kwa sababu..." Alitafuta sababu nzuri, hakuipata. "Kwa sababu ulimi wangu una adabu kunishinda. Unatangulia, mimi nafuata na ndoo kuzima moto. Nampa kila mtu kila kitu, Ami, nikijua atanirudishia. Sijawahi kutoa kitu katika maisha yangu."

Kitu kikapita kwenye mawe, duru nzima, kama kokoto zinazoviringika. Walikuwa wanacheka. Si kwa ubaya. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Kunywa kahawa yako," sauti ikasema, mara ya pili. "Inapoa."

"Ikipoa ipoe."

"Watoto wetu wameshampenda."

"Na mama yake aliweka mkono wake kwenye kioo, na najua mpaka sasa hajaushusha."

Kicheko cha mtoto kikakoma. Kahawa ikaacha kufuka. Zahran akafumba macho, akabana meno, akangoja, na ulimi wake, huo huo, ukawa unapapasa mdomoni ukitafuta neno la kuomba radhi, neno la kusema basi, isiwe taabu, nisiwasumbue.

"Kunywa," sauti ikasema kwa mara ya tatu, na mara hii ilikuwa imechoka kama ya mzee yeyote. "Haja yako imekwisha."

Akanywa. Kwa aibu yake ilikuwa kahawa tamu kuliko zote alizowahi kunywa, na ilibidi mkono wa kushoto usaidie tena kukitikisa kikombe, kuonyesha kwamba imetosha.

Halafu, polepole, kama mtu anayelipa alichokiacha tangu Jumamosi, mzee akasema, "Gari zuri, mwanangu. Libarikiwe kwako, na vilivyomo."

Zahran hakuitikia. Alisimama, akachomeka kile kitambaa kati ya meno, akauma, akaingia garini akiwa amejaa shukrani kooni kama mtu aliyekabwa na tonge. Akawasha.

Ting. Ting. Ting.

Kiti cha nyuma kulia, chekundu. Cha katikati, giza. Alipogeuka alimwona Mazuna amesimama kwenye kiti, amejifungua mkanda, mzito, mwenye njaa, jasho kwenye paji la uso, amelibonyeza godoro la kiti kwa visigino vyake viwili hata limezama. Hakuwahi kusikia adhana nzuri kama kelele ile ya mkanda. Machozi yalimtoka, alimwonyesha kwa vidole: keti, funga, keti! Mtoto akaketi, akafunga. Tak. Kijani.

Akaweka gia. Damu ilikuwa na chumvi mdomoni, hakuachia. Gari likaanza kusogea. Hatua tano. Hatua kumi. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Hakuna hata pumzi iliyotoka.

Nyuma yake kioo cha dirisha kikashuka, zzzz.

Mazuna alikuwa amelelewa vizuri. Hakuna nyumba aliyowahi kutoka bila kuaga, na kila mara watu walimsifu baba yake kwa hilo. Alitoa kichwa nje, akapunga mkono kwa bonde tupu.

"Ami," akaita, kwa sauti yake yote, "karibu kwetu! Na wenzako wote!"

Zahran alikanyaga breki.

"Inshallah," bonde likajibu, mawe yote kwa pamoja.

Kwenye skrini, kutoka juu, wale wanaume walikuwa wanasimama mmoja mmoja. Walikung'uta mikeka yao, wakaikunja kwapani. Kisha wote wakainama chini, kama wafanyavyo watu msikitini mlangoni wakati wa kutoka, wakatafuta viatu vyao.